UZI: Jicho linachuruzika machozi na wala hulii? Kabla hujanunua chupa nyingine ya matone, soma habari za mfereji

Mchuruziko (mleta uzi)

Wakuu habari za wakati huu. Huu uzi niliuahidi kwenye uzi wa mtu mwingine, nikasema nikipona nitaandika, sasa nimepona kwa hiyo sina kisingizio. Utakuwa mrefu, mwenye haraka zake apite tu.

Miaka miwili jicho langu la kushoto lilikuwa linatoa machozi lenyewe. Silii, sina msiba, sijakata kitunguu, nimekaa zangu naongea na mtu mara chozi hilo linateremka shavuni, mtu ananishika bega ananiambia pole ndugu yangu yatapita. Mwanzoni nilikuwa najieleza, baadaye nikawa nazipokea tu zile pole. Upepo ukipuliza ndio balaa kabisa, na asubuhi naamka kope zimegandana kwa matongotongo. Nikapewa matone ya aleji yakaisha, nikapewa ya kuua bakteria yakaisha, jicho linatulia siku tatu linarudi kule kule.

Siku moja nikaangukia kwa mhudumu wa macho mmoja, mama mtu mzima hana haraka, badala ya kunimulika mboni akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ukilia, pua zote mbili zinatoa kamasi? Nikabaki namkodolea. Nani huyo anayekagua kamasi zake akiwa analia? Nikamwambia ngoja nikachunguze. Zikapita siku nikakata vitunguu makusudi, nikasimama pale nalia kama mtoto, na kweli, pua ya kulia inachuruzika, ya kushoto kavu kama jangwa. Nikarudi nikamwambia. Akacheka akasema basi machozi yako hayana shida, yamekosa pa kutokea.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kusoma hii kitu na nikagundua nimeishi na macho miaka yote sijui yanafanyaje kazi.

Simama mbele ya kioo, au washa kamera ya simu usogeze karibu. Vuta kope ya chini kidogo kwa kidole, uangalie ile kona ya jicho iliyo karibu na pua, kwenye ukingo wa kope, kama milimita 6 hivi kutoka penye kile kinyama chekundu. Utaona kidoti kimeinuka kidogo, katikati kina tundu dogo kama limetobolewa kwa ncha ya sindano. Upana wake ni kama theluthi moja ya milimita. Kope ya juu nayo ina chake. Hivyo ndivyo vitundu vya machozi, na watu wengi wanazeeka hawajawahi kuviona usoni mwao wenyewe.

Machozi yanatengenezwa sehemu nyingine kabisa. Tezi kubwa ipo juu ya jicho upande wa nje, upande wa sikio, imejificha chini ya mfupa wa nyusi, na kuna vitezi vingine vidogo vidogo ndani ya kope vinavyolowesha jicho kimya kimya mchana kutwa. Machozi yakitoka huko yanasambazwa juu ya jicho, yanateremka kuelekea kona ya pua, yanaingia kwenye vile vitundu, kutoka hapo kuna vijia viwili vyembamba kila kimoja urefu kama sentimita moja, mara nyingi vinaungana mwishoni, vinamwaga kwenye kifuko kilicho pembeni ya mzizi wa pua, na kifuko kinaendelea kuwa mfereji unaoshuka ndani ya mfupa hadi ndani ya pua. Ndio maana ukilia unapenga kamasi. Sehemu kubwa ya zile kamasi ni machozi yaliyopita njia yake halali.

Kwangu mimi ule mfereji wa chini ndio ulikuwa umeziba. Nilithibitishiwa hivi: nikalazwa kwenye kiti, nikatiwa tone la ganzi, yule mama akachukua sindano yenye ncha butu imepinda kidogo, akaiingiza kwenye kitundu cha chini (hauumi, ila unahisi kitu kinakutambaa ndani ya uso na hupendi) akasukuma maji ya chumvi taratibu. Kama njia ipo wazi unatakiwa usikie chumvi kooni. Mimi sikusikia chochote. Maji yaliingia kitundu cha chini yakatokea kitundu cha juu, yakaja na kamasi nzito ya njano, yakanimwagikia shavuni. Akafuta akasema umeona? Nikasema nimeona mama.

Maswali karibuni, nikiweza nitajibu, nisipoweza waje wenye fani.

---

KengezaBoy

Nipo siti ya mbele. Nimekiona kitundu aisee, nimekaa chooni robo saa na tochi ya simu mke wangu anagonga mlango ananiuliza kuna nini nikamwambia nina matundu manne usoni sikuwahi kuambiwa.

---

Nanga Butu

Mkuu uzi mzuri ila naomba nielewe, machozi yanashuka tu yenyewe kwa uzito kama maji kwenye bomba la sinki au? Maana mtu akilala chali mbona hayajai machoni.

---

Mchuruziko

Nadhani ni hivyo, yanashuka kwa uzito wake.

---

Taa ya Kichwa

Mleta uzi hapo umeteleza kidogo. Mimi ndio kazi yangu, nipo chumba cha macho kila siku, naomba nirekebishe.

Uzito unasaidia lakini mwenye kazi hasa ni kupepesa macho. Ile misuli inayofumba kope imepita kuzunguka vile vijia na imeshika kwenye kifuko. Ukifumba jicho kope zinafunga kutokea nje kuja ndani kama zipu, zinasukuma machozi kuelekea kona ya pua, na misuli inavibana vijia vinajikamua kuelekea kwenye kifuko. Ukifumbua vinaachia, vinanyonya machozi mapya kupitia vitundu. Kwa hiyo ni pampu, inafanya kazi mara kama 15 kwa dakika bila wewe kuiambia. Nanga Butu ukilala chali ukiwa macho bado unapepesa, na ukisinzia utengenezaji wenyewe unashuka sana.

Ushahidi wake tunaouona kila wiki ni mtu aliyepooza upande mmoja wa uso. Ukimpitishia maji mfereji upo wazi kabisa, chumvi anaisikia kooni, lakini machozi yanamwagika tu kwa sababu kope haifumbi, pampu imesimama. Na wazee ambao kope ya chini imelegea ikageuka nje: kitundu kinaangalia hewani badala ya kugusa jicho, kitanyonya nini? Huyo hata umpe matone ya kila aina hutamponya, anahitaji kope irekebishwe.

---

Mchuruziko

Asante mkuu, nimekubali kusahihishwa.

---

Mama Kichanga

Jamani samahani naingilia. Mwanangu ana miezi mitano, jicho la kulia tangu ana kama wiki tatu linalowa muda wote na asubuhi limefungwa na matongotongo, namfuta na pamba na maji ya uvuguvugu linafunguka, jicho lenyewe jeupe halina wekundu. Nimeambiwa nisubiri. Mwingine kaniambia nimtilie maziwa yangu kwenye jicho. Mwingine kasema atakuwa kipofu. Nimechanganyikiwa, silali.

---

Taa ya Kichwa

Mama pole, kwanza vuta pumzi. Unavyoeleza inafanana sana na mfereji ambao haujafunguka, na ni kitu cha kawaida mno kwa watoto. Kule chini kabisa mfereji unapoingia puani kuna kiwambo chembamba ambacho kinatakiwa kiwe kimeachia wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kwa watoto wengi kinachelewa. Na unaona dalili kuanzia wiki ya pili ya tatu kwa sababu mtoto mchanga kabisa akilia anakuwa hana machozi ya kumwagika, tezi bado haijachangamka. Karibu watoto 9 kati ya 10 wenye hali hii wanafunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Aliyekwambia usubiri hakukosea, labda alikosea kutokukueleza kwa nini.

Maziwa acha, hayana uwezo wa kutoboa kiwambo, na vitu vitamu vitamu kwenye kope vinafurahisha bakteria tu.

Kinachosaidia ni kumkanda. Kata kucha, nawa mikono, weka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho upande wa pua, pale kwenye mfupa, siyo juu ya jicho. Kandamiza kiasi halafu shusha kidole kuelekea chini ubavuni mwa pua, mara tano mpaka kumi, rudia mara tatu nne kwa siku, wakati wa kunyonya ni mzuri maana ametulia. Lengo ni kusukuma maji yaliyojaa kwenye kifuko yakagonge kile kiwambo kwa kishindo mpaka kiachie. Ukiona matongotongo yanatokea kwenye kitundu wakati unakandamiza usiogope, hiyo inaonyesha upo mahali penyewe, futa endelea.

---

Bi Mkubwa Hana Baya

Mimi nilikuwa nakanda kuelekea juu kwa wangu wa kwanza, kama kulisukuma lirudi. Sikujua.

---

Taa ya Kichwa

Wengi tu bi mkubwa. Juu unakamua uchafu utoke nje, sawa jicho linasafika, lakini kiwambo hakipati msukumo. Chini.

Na Mama Kichanga, haya usisubiri nayo hata siku moja: pale kona pakivimba pakawa pekundu na pamoto, au mtoto ana homa. Au macho mawili mekundu yanatoa usaha mwingi kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya wakati wa kuzaliwa na yanakula jicho haraka. Au mtoto kazaliwa na kauvimbe ka bluu pembeni ya pua, hako kanaweza kushuka ndani na kumziba pumzi. Na la mwisho ambalo watu hawalijui, mtoto anayetoa machozi huku anakimbia mwanga, anaficha uso kila akiona taa, na jicho linaonekana kubwa kuliko mwenzake au lina ukungu. Huyo si wa mfereji, huyo anaweza kuwa na presha ya macho ya kuzaliwa, na kila wiki inayopita kuna kitu kinapotea.

---

Mama Kichanga

Mwanga anaukodolea mpaka namfunika mimi. Hana uvimbe. Ahsante sana, sana. Na ikifika mwaka haijafunguka?

---

Taa ya Kichwa

Wanamlaza nusu kaputi dakika chache, wanapitisha kijiti laini cha chuma kupitia kitundu kushuka hadi puani, wanatoboa kile kiwambo. Mara nyingi inatosha mara moja. Ila usifike huko kichwani saa hizi, miezi saba bado ni mingi.

---

Mvuvi wa Pweza

Swali la kijinga, mimi nikitiwa dawa ya macho nasikia uchungu kooni. Nilidhani nina tundu kichwani.

---

KengezaBoy

Unayo manne mkuu soma juu hahaha

---

Mchuruziko

Hilo ni swali zuri wala si la kijinga. Dawa inapita njia ile ile ya machozi, inaingia kwenye kitundu, inashuka puani, inateleza kooni. Ukisikia uchungu ujue mfereji wako mzima. Mimi miaka miwili sikuwahi kuisikia dawa kooni kwa upande wa kushoto na sikujua hiyo ni dalili.

---

Taa ya Kichwa

Naongezea hapo maana pana jambo la maana kuliko watu wanavyodhani. Machozi yaliyopo juu ya jicho kwa wakati mmoja ni kama mikrolita 7. Tone moja la dawa ni mikrolita 30 hadi 50. Sasa hesabu. Hata hilo tone moja jicho haliwezi kulibeba lote, nyingine inamwagika shavuni nyingine inaingia mferejini. Mtu anayetia matone matatu "ili ifanye kazi" anaosha mashavu. Tone moja. Kama una dawa mbili tofauti, pisha dakika 5 katikati la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza.

Na ile inayoingia mferejini haipotei, inafika kwenye ngozi laini ya ndani ya pua na kuingia kwenye damu moja kwa moja. Kwa dawa nyingi si kitu. Lakini kuna dawa ya presha ya macho inaitwa timolol, hiyo ikifika kwenye damu inaweza kubana mapafu ya mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Tone la jicho, naam. Ndio maana tunawaambia ukishatia dawa fumba jicho taratibu, bonyeza kona ya pua kwa kidole dakika mbili tatu. Unakuwa umeziba mfereji kwa mkono, dawa inabaki jichoni inapotakiwa.

---

Mzee wa Miwani Miwili

Natumia hiyo timolol mwaka wa nne. Hakuna aliyeniambia habari ya kubonyeza. Na pumu ninayo, ya utotoni, ilikuwa imeacha.

---

Taa ya Kichwa

Mzee shikamoo. Usiiache ghafla kwa sababu presha itapanda, lakini kabla ya kutia tena piga simu kwa aliyekuandikia, leo hii, umwambie kuhusu pumu, maana zipo za aina nyingine za kubadilisha. Ukipata kifua kubana au kuhema kwa shida usisubiri simu, nenda wakakuone hapo hapo.

---

Mzee wa Miwani Miwili

Marahaba mwanangu. Napiga sasa hivi.

---

Nanga Butu

Mimi nina la kinyume. Jicho kavu, linachoma kama lina mchanga, lakini huyo huyo daktari anasema jicho kavu na mimi machozi yananitoka nikiangalia kompyuta. Kavu linatoaje machozi? Nilitoka pale nikaona huyu ananichezea akili.

---

Taa ya Kichwa

Hakukuchezea. Machozi si maji matupu. Juu kuna utando wa mafuta kutoka kwenye vitezi vilivyopangwa kwenye ukingo wa kope, katikati maji yenye chumvi na protini, chini kuna ute unaoyafanya yashike kwenye jicho yasiteleze. Mafuta yakiwa mabovu maji yanakauka upesi. Jicho likikauka linauma, neva zinapiga kelele, na ile tezi kubwa inamwaga maji mengi kwa mpigo kama vile umeingiwa na kitu. Hayo ya dharura yanakuja mengi kuliko mfereji unavyoweza kumeza, yanamwagika, na baada ya dakika jicho limekauka tena. Ukiwa kwenye skrini unapepesa mara chache sana kuliko kawaida, kwa hiyo ndio inakukamata zaidi.

Anza na kitambaa safi cha maji ya moto ya kuvumilika, juu ya macho uliyoyafumba dakika kama 10, halafu kanda kingo za kope taratibu. Kila siku, wiki kadhaa. Yale mafuta yamegandana yanahitaji kuyeyuka. Na kumbuka kupepesa.

Kuna kipimo pia, kikaratasi kinakunjwa na kuning'inizwa kwenye kope ya chini dakika 5, wanapima milimita ngapi zimelowa. Kilianzishwa na Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903 na mpaka leo tunakitumia. Wengine wenye ukavu mkali tunawaziba vitundu makusudi kwa kizibo kidogo sana cha silikoni ili machozi machache waliyonayo yasiondoke.

---

Mchuruziko

Yaani mimi nalipa nizibuliwe mwingine analipa azibwe.

---

Pilipili Haipungui

Uzi unapotosha huu. Tangu zamani inajulikana ukilia sana machozi yanakwisha na macho yanaharibika, ndio mfereji unaziba. Wanaolia lia ovyo ndio wagonjwa wenu hao.

---

Bi Mkubwa Hana Baya

Jamani.

---

Taa ya Kichwa

Hayaishi. Tezi inachota maji kwenye damu, ukinywa maji ukala unaendelea kuyatengeneza. Kinachotokea ukilia muda mrefu ni kope kuvimba na kuchoka basi. Kinachopunguza machozi ni umri, baadhi ya dawa, na baadhi ya magonjwa ya kinga ya mwili. Na mfereji kuziba ukubwani mara nyingi ni ule mfereji wenyewe unavimba ndani taratibu na kufanya makovu, inawapata zaidi wanawake kuanzia umri wa kati, hatujui kila sababu lakini kulia hakumo. Tena machozi yana protini inayoitwa laisozaimu inayovunja kuta za bakteria, aliyeieleza mwaka 1922 ni Alexander Fleming, huyo huyo wa penisilini, miaka sita kabla ya penisilini. Jicho linajiosha na dawa yake.

---

Pilipili Haipungui

Haya.

---

Mvuvi wa Pweza

Nina binamu yangu alipooza uso upande mmoja akapona, sasa kila akila jicho la upande ule linatoa machozi. Watu wanasema anakumbuka shida zake.

---

Taa ya Kichwa

Hayo yanaitwa machozi ya mamba, na si utani ndivyo madaktari wanavyoyaita. Neva ya uso inapojiunga upya baada ya kupooza, nyuzi zilizokuwa zinakwenda kwenye tezi za mate zinapotea njia zinaingia kwenye tezi ya machozi. Ubongo unasema toa mate, jicho linajibu. Yakimsumbua kuna sindano inayotuliza ile tezi kwa miezi kadhaa.

---

KengezaBoy

Mimi nikipenga kamasi kwa nguvu huku nimebana pua, hewa inatokea jichoni. Psss. Nilikuwa nadhani ni kipaji.

---

Mchuruziko

Ni njia ipo wazi halafu vali ya kule chini imelegea, kwa kawaida inazuia hewa na kamasi zisirudi juu. Na wapo waliokifanya kipaji kweli, mwaka 2004 Mturuki mmoja alivuta maziwa puani akayarusha kwa jicho karibu mita 2.8, akaandikwa kwenye vitabu vya rekodi. Usijaribu, unapeleka uchafu wa pua jichoni.

---

Bi Mkubwa Hana Baya

Mleta uzi hujamalizia. Wewe walikuzibuaje?

---

Mchuruziko

Kweli. Kwa mtu mzima kupitisha kijiti kama kwa mtoto haisaidii sana, pale hapana kiwambo cha kutoboa, pana kovu, unatoboa linafunga tena. Nilifanyiwa upasuaji ambao jina lake refu kama treni, wanafupisha DCR. Hawaufungui mfereji ulioziba, wanauacha hapo hapo. Wanatoboa mfupa mwembamba ulio kati ya kifuko na pua, wanaunganisha kifuko na pua moja kwa moja, njia mpya ya mkato. Wa kwanza kuufanya kwa kukata pembeni ya pua ni Mwitaliano Addeo Toti, 1904. Siku hizi wengine wanapita ndani ya pua na kamera, huachiwi kovu usoni. Mimi nilikatwa kwa nje, mstari wa sentimita moja na ushee, ukivaa miwani huuoni.

Nilikawia kwenda kwa sababu ya woga, niseme ukweli. Kilichonipeleka ni asubuhi moja nimeamka pale kona pamevimba kama zabibu, pekundu, pamoto, hata kuvaa miwani siwezi. Kifuko kilikuwa kimejaa maji yaliyotuama yakawa usaha. Kwanza wakaniweka kwenye vidonge vya antibiotiki mpaka uvimbe ukashuka, ndipo wakapanga upasuaji. Walinionya nisijaribu kupaminya wala kupatoboa mwenyewe, maana usaha ukisambaa kwenda nyuma ya jicho hiyo ni habari nyingine.

Baada ya upasuaji waliniachia mpira mwembamba wa silikoni, umeingia kitundu cha juu umetoka cha chini, ncha zote zipo ndani ya pua. Kwenye kona ya jicho unaona kitanzi kidogo kinang'aa. Nilikaa nao miezi miwili. Wiki mbili za mwanzo marufuku kupenga kamasi, na mafua yakanipata wiki hiyo hiyo kama vile yalikuwa yananisubiri mlangoni. Siku ya kuutoa wakakata kitanzi, wakaniambia nipenge, ukatoka.

---

Nanga Butu

Na sasa?

---

Mchuruziko

Kavu. Juzi nilitiwa dawa nikasikia uchungu kooni upande wa kushoto, nikafurahi peke yangu kwenye kiti, nesi akaniuliza unacheka nini.

---

Mzee wa Miwani Miwili

Wanangu, nimebadilishiwa dawa. Daktari aliniuliza nani amekwambia habari za pumu na matone, nikamwambia watu wa kwenye simu.

---

*Miezi mitatu baadaye*

Mama Kichanga

Samahani kwa kufufua uzi. Nimekanda kila siku, mara nne, mpaka mtoto akiniona nanawa mikono anageuza uso. Wiki ya sita nikakata tamaa nikaacha siku mbili nikarudia. Jumapili asubuhi ameamka jicho safi, nikasema labda bahati. Jumatatu safi. Leo amenyang'anywa rimoti akalia kilio kile cha haki zake zote, mimi badala ya kumbembeleza nimemwinamia nachungulia pua. Kamasi zimetoka pande zote mbili.

---

KengezaBoy

Mpe rimoti yake mama